Jina Lililoitwa Mlimani

Calgary, Kanada
6 Januari 2002

Baba,

Pokea salamu zetu za mwaka mpya. Sisi tuko salama na baridi iko pale pale. Nakuandikia kukueleza jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kulifanya, na hata baada ya kulifanya sijui kama tulilihitaji. Tulienda mlimani kuteleza kwenye theluji.

Kazini kwangu kila Jumatatu watu huulizana nani alienda mlimani. Nilichoka kusema hapana. Basi Jumamosi ya mwisho ya mwaka tukaingia kwenye gari, Kalondu akabeba chapati na chupa ya chai, tukaenda. Kumbe nusu ya jiji ilikuwa na wazo hilo hilo. Mahali pa kuegesha magari palikuwa kama Katangi siku ya mnada wa ng'ombe, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekuwa akipiga kelele.

Kwanza wanakukodisha viatu. Ni vya plastiki ngumu, vinabana mguu mpaka karibu na goti, na ukitembea navyo unakanyaga kama mtu aliyefungwa plasta. Halafu unapewa mbao mbili ndefu za kuvaa chini ya viatu, na fimbo mbili za kushika. Ukisimama unagundua kwamba ardhi imeanza safari bila kukuuliza. Kalondu alianguka kabla hajaanza. Mimi nilimwangusha mzee mmoja wa kizungu, na ni yeye aliyeniomba radhi.

Kupanda juu kuna viti vinavyoning'inia kwenye waya. Havisimami. Vinakuokota ukiwa tayari au hauko tayari, na ukifika juu lazima ushuke upesi, vinginevyo vinakurudisha chini mbele ya watu wote. Lavender alijifunza haraka kuliko sisi wazazi wake. Ndambuki mdogo tulimwandikisha kwenye darasa la watoto, wote wamevaa helmeti na vizibao vya manjano. Alifurahi.

Nakutumia picha tuliyopigwa asubuhi. Kuhusu kuja nyumbani Agosti, usitutegemee sana. Kalondu anasema kazi hospitalini imemzidi. Labda mwaka ujao.

Mwanao,
Wathome


Katangi
2 Februari 2002

Kwa Wathome,

Barua imefika pamoja na picha. Mwandiko huu ni wa shangazi yako Ndanu. Mkono wangu unauma, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika.

Swali la kwanza. Katika picha kila mtu ana fimbo mbili, hata Lavender. Mimi ni mzee na natembelea moja. Ni nani kati yenu anaumwa? Umeeleza fimbo ni za kushika, lakini hukueleza zinasaidia nini, na kwa maelezo yako mwenyewe Kalondu alianguka akiwa nazo.

Swali la pili. Mlilipa mpande mlima kwa kiti ili mteremke, halafu mkapanda tena ili mteremke tena. Hakukuwa na kitu huko juu? Hamkuchukua kuni wala mbuzi aliyepotea?

Swali la tatu ndilo kubwa. Nilikuwa polisi mpaka nikastaafu na cheo cha sajini, na ripoti nimesoma nyingi. Ripoti ambayo kila mtu ndani yake ni mzima na amefurahi huwa kuna kitu kimeachwa nje. Tangu mtoto aanze shule, kila barua kutoka kwenu huwa na jina lake chini, ameliandika mwenyewe kwa herufi kubwa zinazopanda na kushuka. Safari hii jina halipo. Ndanu ameangalia mbele na nyuma ya karatasi.

Na kuhusu Agosti, wewe mwenyewe uliniahidi. Mtoto aliondoka akiwa anatambaa mezani kwangu kutafuta sukari. Sina neno na kazi ya Kalondu, lakini nataka kumwona mwenye jina langu, na nataka kumwona mwaka huu. Nina sababu zangu.

Baba yako,
Reuben Ndambuki

(Wathome, mimi Ndanu ninaandika tu ninachoambiwa. Mkono wa mzee hauumi hata kidogo. Jana amepasua kuni, na alikuwa akizipiga kando. Ameniuliza naandika nini kirefu hivi, nimemwambia ni anwani.)


Calgary
23 Februari 2002

Dear Babu,

Habari yako? Ni mimi Lavender. Kiswahili changu si kizuri sana siku hizi kwa hivyo usicheke. Baba alisoma barua yako mara mbili halafu akaiweka juu ya friji. Amesema hatutajibu hiyo kitu ya tatu. Lakini wewe uliuliza, na mimi naona mtu akiuliza anafaa kuambiwa.

Ndambuki hawezi kuandika jina kwa sababu mkono wake wa kulia uko na bandeji. Alipotea kule mlimani. Mama alikuwa anamtafuta na yeye alikuwa amekaa kwa miti bila glavu moja, na vidole vikashikwa na baridi mbaya. Wiki iliyopita daktari alikata kidogo kidole chake cha mwisho, hapo juu tu. Halii. Anasema hicho kidole hakikuwa na kazi.

Mama ndiye analia, lakini analia bafuni akidhani hatusikii, na maji hayajafunguliwa. Babu, Mama alishika ile maikrofoni yao akaita jina lako. Mlima mzima ulisikia. Mimi nilikuwa juu kwenye kiti na Baba, na Baba akashtuka hadi akaangusha fimbo. Mama hajawahi kusema jina lako hata siku moja. Unajua hata bahasha zako mimi ndiye huandika juu, yeye ananiambia tu, "Andika ile ya kwa Babu." Nikimuuliza kwa nini, anasema ni nthoni, ni heshima ya mke kwa baba ya bwanake, na mimi nitaelewa nikiolewa. Mimi sitaki kuolewa kama ni hivyo.

Sasa amesema hataki kwenda Kenya Agosti. Kazi hospitalini haijamzidi, amepewa likizo, niliona karatasi kwa friji. Nafikiri anakuogopa wewe.

Tafadhali usiseme ni mimi nimesema.

Lavender


Katangi
17 Machi 2002

Kwa Kalondu, mke wa Wathome,

Barua hii ni yako wewe, si ya Wathome. Utashangaa. Mimi mwenyewe nimekaa nayo kichwani tangu barua fulani ilipofika, na sitasema ya nani.

Naandika kwa Kiswahili. Kwa Kikamba singeweza kukuandikia moja kwa moja, kwa sababu kila neno lingekuwa linaangalia pembeni. Kiswahili nilikipata kambini, Garissa na Voi. Hakijui wewe ni nani kwangu, hakijui mimi ni nani kwako, kinapeleka tu habari. Nakuomba ujibu kwa lugha hiyo.

Nimesikia mtoto alipotea. Nimesikia habari ya kidole. Nimesikia pia kwamba uliita jina langu mbele ya watu.

Nataka ripoti kutoka kwako mwenyewe, tangu mwanzo mpaka mwisho, usiache kitu.

Ni mimi,
Baba wa Wathome

(Kalondu mama, nimemwambia mzee barua hii inasomeka kama ya kumwita mtu kituoni. Amesema ndivyo anavyojua kuandika. Usikasirike. Hali chakula vizuri siku hizi, anakaa nje tu na redio. Ndanu.)


Calgary
14 Aprili 2002

Kwa Baba wa nyumba yetu,

Umetaka ripoti. Kwa siku nyingi karatasi ilikaa mezani tupu. Nimeogopa barua yako kuliko kitu chochote mwaka huu, isipokuwa kimoja.

Ni kweli kama ulivyosema, Kiswahili kinanirahisishia. Basi nitasema.

Darasa la watoto lilikuwa linaisha saa ya chakula. Nilikuwa nimeshachoka kuanguka, nikavua zile mbao, nikaenda kumngoja kwenye ua. Watu walikuwa wengi mno, wengine wanashuka, wengine wako foleni ya viti, wengine wamebeba sinia za chakula, na watoto wa manjano wako kila mahali, kwa sababu kulikuwa na madarasa mengi na kizibao ni kile kile. Mwalimu wake alihesabu akakosa mmoja. Mtoto alikuwa amefuata darasa lingine kwenye viti, akapandishwa nao juu.

Nikaita. Nilimwita kama ninavyomwita siku zote. Unajua nyumbani namwita Asa. Nikimwita hivyo, baba kwa Kikamba chetu, inatosha, naye huitika, hajawahi kuona ajabu. Jina lile lingine ni la shuleni, la daktari, la midomo ya watu wengine. Kwangu halijawahi kupita.

Nilienda ofisini kwao. Msichana mmoja akaniuliza jina la mtoto. Nikasema Asa. Sikufikiria, ndilo lililotoka. Akashika kipaza sauti akatangaza kwa Kiingereza chao, na kinywani mwake likawa "Eisa". Mtoto Eisa anatafutwa na mama yake. Walikuwa wanapiga muziki, wanaukata, wanasema Eisa, wanaurudisha muziki. Wathome na Lavender walisikia huko juu na hawakujua ni wetu. Na yeye alisikia. Aliniambia baadaye, "Nilisikia wanamtafuta msichana."

Yeye alikuwa ametoka nje ya njia, amekaa kwenye miti, glavu moja imeanguka chini ya kiti wakati wa kupanda. Alikaa akingoja mtu amwite.

Hili ndilo ninalotaka ulisikie kutoka kwangu. Nilijua. Baada ya lile tangazo la kwanza nilijua kwamba jina lile haliendi kwake. Yule msichana akaniuliza jina lake kamili, nikanyamaza. Akauliza tena polepole, akidhani sielewi Kiingereza. Akanipa karatasi na kalamu, nikaishika kalamu. Baba, mimi ni muuguzi. Najua baridi inafanya nini kwenye kidole na inachukua muda gani. Nilisimama pale najua, na jina liko mdomoni, na nilikuwa nakuona wewe unavyotoka njiani ukiniona natoka kisimani, unageuka kuangalia mihogo mpaka nipite. Hujawahi kunikosea heshima hata mara moja. Nilipoolewa, mama yangu hakunifungia mzigo mwingine isipokuwa kitu hicho, heshima, akaniambia nikishike hata nikienda wapi. Nikakishika, na muda ukapita, mwingi.

Halafu nikamnyang'anya yule msichana kipaza sauti. Sikukumbuka Kiingereza. Niliita kama mtu anavyoita kutoka ng'ambo ya bonde. Niliita jina lako, na la Wathome baada yake, na nikasema njoo, mama yuko hapa. Niliita mpaka sauti ikakatika. Watu walisimama na sinia zao. Siwezi kuliandika hapa, lakini nililiita.

Akatoka kwenye miti mwenyewe. Walinzi wa mlima walimkuta amesimama katikati ya njia bila mbao, anaangalia chini, wakamteremsha kwa kitanda cha kukokotwa. Nilimuuliza kilichomfanya atoke. Akasema, "Mama, nilidhani unamwita Babu. Nikajua Babu amekuja. Nikataka kumwona."

Hiyo ndiyo ripoti. Kidole kimekatwa juu ya kiungo, kidonda ni kizuri, vingine vimepona. Sababu ya kidole si theluji. Ni mimi niliyesimama na kalamu.

Agosti Wathome ataleta watoto. Mimi nitabaki. Nimevunja heshima yako mbele ya watu, na kabla ya kuivunja niliishika mpaka ikamuumiza mtoto wako. Sijui nitapita njia gani uwanjani kwako. Wakati ule nilijua, wewe uligeukia mihogo na mimi nikapita. Sasa sijui utageuka vipi.

Ni mimi,
Mama Lavender


Katangi
12 Mei 2002

Kwa Kalondu,

Ripoti nimepokea. Ndanu ameisoma mara ya kwanza akiwa dukani kwake, akafunga duka, akanisomea tena nyumbani. Ni ripoti nzuri. Haina kilichoachwa nje. Sasa sikiliza yangu, kwa sababu mimi nimeacha kitu nje tangu Desemba.

Mkono wangu hauumi. Macho ndiyo yameisha. Lilianza jicho la kushoto, nikasema ni vumbi. Sasa la kulia linaona mwanga wa mlango na rangi kubwa kubwa. Daktari wa macho pale Machakos amesema la kushoto limechelewa, la kulia huenda likabaki hivi kwa muda, huenda lisibaki. Ile picha yenu sikuiona. Ndanu ndiye aliyeniambia habari ya fimbo. Nilitaka Agosti kwa sababu hiyo, na sikusema kwa sababu sikutaka kuonekana naomba.

(Nilimwambia aseme tangu Krismasi. Hata kuku wa jirani anawafungia bandani kama wake. Ndanu.)

Sasa nikujibu habari ya mihogo. Ile heshima yetu ilikuwa ya macho. Mimi nakuona, nakupisha, wewe unaona nimekupisha, unapita. Siku hizi simwoni mtu. Juzi nilisimama katikati ya njia na mke wa Ndolo wa ukoo wetu mbele yangu amebeba maji, sikujua yupo. Akakohoa, sikujua anakohoa nani. Akasimama na mtungi kichwani mpaka mtoto akapita akamsaidia kuniondoa. Niliona aibu, na yeye aliona aibu, na heshima haikumfaidi mtu. Nimefikiria habari hiyo muda mrefu hapa nje. Barua yako ndiyo iliyonipa jibu.

Kwa desturi, nthoni ikivunjwa hutoka mbuzi. Mbuzi ametoka. Nimemtoa mimi, kwenye zizi langu. Wazee waliuliza kwa nini baba mkwe ndiye anatoa. Nikawaambia jina langu lilichelewa kufika mahali lilipohitajika, na aliyechelewa kazini ndiye anayejibu. Mzee mmoja wa kule Kivaa alisema hajawahi kusikia kesi kama hiyo. Hata hivyo alikula.

Umeandika kwamba mtoto alitoka kwenye miti kwa sababu alidhani nimekuja. Basi kwenye ripoti iandikwe kwamba nilikuja. Mimi ambaye sijawahi kupita Voi. Nilikaa na maneno hayo siku nzima, na sitaki uyafute.

Kuhusu kusimama na kalamu. Kosa ulilifanya na litakaa nawe, siwezi kulichukua, ningeweza ningelichukua. Lakini usiseme ulimwacha mtoto. Ulikuwa umeshika kitu tulichokupa sisi, mama yako na mimi, na hakuna kati yetu aliyekuambia siku ya kukiweka chini. Mimi nakuambia sasa.

Agosti uje. Sitakuona ukiingia. Nitakuwa nimekaa nje na redio na sitajua ni wewe au ni mteja wa Ndanu amepotea njia. Usikohoe. Kikohozi cha kila mtu ni kimoja. Ita jina langu kutoka kwenye lango, na mimi nitajua ni nani, kwa sababu wengine wote nimeshawasikia wakiliita. Wewe tu ndiye sijakusikia.

Kidole kinaendeleaje?

Reuben Ndambuki

(Analia na anasema ni jicho. Njoo mwanangu. Ndanu.)


Calgary
16 Juni 2002

Baba,

Tiketi zimenunuliwa, zote nne. Tutafika Nairobi tarehe tatu Agosti asubuhi, na Wathome atakodi gari mpaka Katangi. Nimezungumza na daktari mmoja wa macho hospitalini kwetu. Hakuniahidi kitu, lakini ameandika matone fulani na barua ya kumpelekea mwenzake wa Machakos. Nitakuja nayo.

Kidole kimefunga. Mtoto amejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto wakati wa bandeji, na sasa bandeji imetoka hataki kurudi kwa mkono wa kulia. Anasema wa kushoto ndio umezoea. Jina lake liko hapo chini, herufi mbili zimegeuka nyuma, mwambie shangazi asimrekebishe. Ameuliza ikiwa huoni, utajuaje ni yeye. Nimemwambia utamshika mkono.

Nimefanya mazoezi ya jina lako jikoni wakati hakuna mtu. Mara ya kwanza lilinitoka kama mlimani, kwa kelele, Lavender akaja mbio akidhani nimeungua. Sasa linatoka taratibu. Bado linanitetemesha na sijui kama litaacha. Nitaliita langoni hata likitetemeka.

Shangazi Ndanu, nakuomba kitu kimoja. Kabla ya kuikunja karatasi hii, chukua bahasha uliyoipasua, umsomee mzee kilichoandikwa juu yake, kwa sauti, jina lote. Safari hii Lavender hakuniandikia.

Kalondu

NDAMBUKI